Mtoro wa Kifungu cha Kumi na Saba

Hapo zamani, watu walipokuwa wakiamini kwamba jambo likishaandikwa kwenye karatasi nzuri basi limekwisha, palikuwa na nchi iitwayo Mabonde Saba. Sogeeni karibu. Hadithi hii si ya kulalia, ni ya kugombana. Nikiimaliza nitawauliza swali, na kwa ninavyowajua nyinyi, mtarudi makwenu mmenuniana.

Mabonde Saba yalikuwa na mtawala mmoja, akafukuzwa. Alikuwa mbaya, sitampotezea pumzi. Alipoondoka watu wakaapa: hatutatawaliwa tena kutoka mbali. Kila bonde likajitawala. Wakaunda baraza la mabonde yote, lakini wakalifunga mikono: lisiamue kitu chochote mpaka mabonde yote saba yakubali.

Wakapata walichokitaka. Daraja la mto Mgolole lilipoungua, baraza lilikaa miaka minne likilijadili. Mwaka wa kwanza walijadili nani alilichoma. Mwaka wa pili, nani atakata miti. Mwaka wa tatu, daraja jipya liitwe kwa jina la nani. Mwaka wa nne wajumbe wawili walizama mtoni wakija kwenye kikao cha daraja, na kikao kikaahirishwa kwa maombolezo.

Kisha wakaja wavamizi kutoka kaskazini, wakaingia Bonde la Mhalala. Mkuu wa ulinzi wa Mhalala alikuwa Mhoja Lukanda, mtu mrefu mwenye sauti kavu, asiyejua mzaha. Akatuma watu kwenye mabonde sita: tusaidieni, tunakufa.

Bonde la kwanza likajibu: tunavuna. La pili likajibu: tumefiwa. La tatu likajibu: andikeni barua, ombi la mdomo halina adabu. La nne likajibu: tutakuja likija la tano. La tano likajibu: tutakuja likija la nne. La sita, jamani, lilituma watu mia moja, tena hodari wa kuimba. Walifika asubuhi wakiimba, wakauona moshi, na adhuhuri hapakuwa na hata mmoja aliyebaki, wote wametoroka.

Mhoja akapigana na waliobaki. Alizika ndugu zake wawili, na mkono wake wa kushoto ukaishia kwenye kiwiko. Tangu siku hiyo palikuwa na neno moja ambalo hakuweza kulitamka bila kutema mate chini. Neno hilo ni "mtoro."

Basi wakubwa wa mabonde wakaona aibu, na aibu ikawafanya wafanye kazi, jambo ambalo moto na maji havikuweza kuwafanya. Wakakutana, Mhoja akiwa mmoja wao, wakaandika Katiba. Vifungu ishirini na viwili. Katiba ile iliunda Baraza Kuu la wajumbe sabini, lenye nguvu za kweli: kuita askari, kujenga barabara, kuamua ugomvi wa bonde na bonde. Kifungu cha kumi na saba alikiandika Mhoja mwenyewe, kwa mkono uliobaki: "Mtoro akikimbilia bonde jingine, Baraza Kuu litatuma askari wake wamrudishe alikotoka, bila kuomba ruhusa ya bonde lolote."

Wakakubaliana kwamba mabonde matano yakiiridhia, Katiba itakuwa sheria ya nchi nzima, hata kwa waliokataa. Mabonde manne yakaridhia. Mawili yakakataa, mojawapo likiwa Isela, bonde la wakaidi. Likabaki moja, Mhalala.

Hamjawahi kuona watu wanaojivuna kama watu wa Mhalala walipogundua kwamba nchi nzima inawasubiri wao. Mtu aliyekuwa akiuza ugoro sokoni, ambaye mkewe alikuwa hamwachii hata kuchagua mboga, sasa akiulizwa hali yake anakohoa kwanza, anatazama juu, halafu ndipo anasema: "Kwa upande mmoja, sijambo." Wakachagua wajumbe mia moja. Wakaingia kwenye banda la kukaushia tumbaku, kwa sababu ndilo lililokuwa jengo kubwa kuliko yote, wakakaa humo siku kumi na moja wakipiga chafya na kuamua hatima ya taifa.

Alisimama Mhoja. Hakuwa msemaji. Aliinua kile kipande cha mkono, akasema, "Ndugu wajumbe, niliita, hamkuja... namaanisha wenzetu hawakuja. Mkono huu ulikwenda kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaamuru waje. Nataka awepo mtu wa kuamuru. Hayo tu." Akakaa.

Watu arobaini wakasema: tuko na Mhoja.

Alisimama Kasanda Mtonga. Huyu alikuwa na mashamba ya tumbaku kutoka mlimani hadi mtoni, na ndani ya mashamba hayo alikuwa na watu wapatao sitini aliowaita "watu wa nyumbani." Lilikuwa jina zuri. Watu wa nyumbani walikuwa wakilima bila kupumzika, wakilala kwenye kibanda kilichofungwa kwa nje, na wakitaka kwenda makwao walikuwa wakipigwa. Walikuwa wa nyumbani kabisa, hawakuruhusiwa kutoka. Mmoja wao alikuwa Tungu, msichana wa miaka kama kumi na tisa. Kazi yake siku hizo kumi na moja ilikuwa kumbebea Kasanda kiti chake, kwa maana bwana yule hakukalia benchi la watu.

Kasanda alijua kusema. Sauti yake ilijaza banda. "Ndugu wajumbe! Mnajua Baraza Kuu ni nini? Ni yule yule mtawala tuliyemfukuza, sasa amerudi na vichwa sabini! Leo watawaita vijana wenu vitani. Kesho watawaambia mlime nini. Keshokutwa watawaambia mlale saa ngapi. Bonde ni la wenye bonde! Hakuna mwanadamu aliyezaliwa ili atii amri ya mtu ambaye hakumchagua!"

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Wewe. Maji."

Tungu akampa maji. Banda zima likashangilia hotuba. Walikuwepo watu mia moja mle ndani, wenye macho mia mbili, na hakuna aliyeona kitu.

Watu arobaini wakasema: tuko na Kasanda.

Wakabaki ishirini, wale ambao katika kila kikao huwa wanasema wanahitaji muda. Na hao ishirini walikuwa wakimsikiliza mtu mmoja, Bi Nyanzala, mwalimu. Mwanamke huyu alikuwa amewafundisha kusoma nusu ya wajumbe wote, na nusu nyingine walikuwa wakimkwepa barabarani kwa sababu aliwafundisha wakashindwa. Alisimama akiwa ameishika Katiba mkononi.

"Bwana Mhoja," akasema, "kifungu cha kumi na saba. Mtoro wa nini?"

"Wa jeshi, Mwalimu. Askari anayekimbia vita. Kila mtu anajua."

"Kama kila mtu anajua, andika."

"Siwezi. Nikiongeza neno moja, hii si Katiba ile waliyoridhia wenzetu. Itarudi kwenye mabonde manne ijadiliwe upya. Unataka tukae miaka minne mingine?"

"Na akija mtu asiyejua ulichomaanisha?"

"Tutaelewana," akasema Mhoja.

Tutaelewana! Nchi nzima ikajengwa juu ya neno hilo. Mtu hakubali kumuuzia jirani yake mbuzi kwa "tutaelewana," lakini nchi, ah, nchi ni jambo dogo.

Kasanda akaruka kutoka kitini. "Mwalimu amesema kweli! Neno hilo ni mlango ulioachwa wazi! Leo watamtafuta askari, kesho watamtafuta yeyote wanayemtaka. Watakuja na silaha kwenye bonde la watu, watavunja nyumba ya mtu, watamkamata mtu mchana kweupe, na wenye bonde watasimama wakitazama! Mimi nakataa. Mbele yenu wote, nakataa!"

Simpendi Kasanda, nyinyi mmeshaniona. Lakini siku ile hakusema uongo hata mmoja. Likumbukeni hilo, litawasumbua.

Bi Nyanzala akaja na shauri. Katiba isiguswe neno, ila nyuma yake ibandikwe nyongeza ya viapo kumi, mambo kumi ambayo Baraza Kuu haliruhusiwi kuyafanya kamwe. Halitamziba mtu mdomo. Halitamnyang'anya mtu shamba. Halitamfunga mtu bila kumsikiliza. Na kuendelea hivyo, mpaka cha kumi: "Baraza Kuu halitamrudisha mtu yeyote kwa mtu anayedai kummiliki." Mhoja akakubali, maana Katiba yake haikuguswa. Wale ishirini wakaitikia kwa vichwa, wamependezwa. Kisha kumi na wawili kati yao wakamwita Mwalimu nyuma ya banda.

"Mwalimu," wakasema, "viapo tisa ni safi kabisa. Hicho cha kumi kinatukwaza."

"Kinawakwaza nini?"

"Unajua."

"Nataka mseme."

Wote kumi na wawili walikuwa na watu wa nyumbani: huyu watatu, yule watano. Wakatazama viatu vyao, wale waliokuwa na viatu. Mwisho mmoja akasema, "Kiondoe, kura zetu unazo. Kiache, Katiba inaanguka, na viapo vyako vyote kumi vinaanguka nayo. Wavamizi watakaporudi utawasomea."

Bi Nyanzala akachukua kalamu, akapiga mstari.

Tungu alikuwa anateka maji kwenye pipa, hatua tano tu kutoka pale. Hakujua kusoma, lakini mstari aliuona. Akauliza, "Mwalimu, unafuta nini?"

Bi Nyanzala akajibu, "Kosa la maandishi, mwanangu."

Kura ikapigwa. Waliokubali sitini, waliokataa arobaini. Kasanda alikaa na mikono yake mapajani, hakuiinua. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa wale ishirini. Alinyoosha mkono, kisha akaenda kula. Aliishi miaka arobaini baada ya hapo, na kila mgeni aliyeingia nyumbani kwake aliambiwa: "Mimi ndiye niliyeijenga nchi hii." Mkewe alikuwa akitoka nje.

Sasa msiniambie Katiba ile ilikuwa mbaya tu. Daraja la Mgolole lilijengwa kwa miezi minne. Wavamizi walirudi mara moja, wakakuta askari wa mabonde saba wamejipanga bega kwa bega, Mhoja akiwa jemadari wao. Wakageuza, hawakuonekana tena. Hakuna mama aliyezika mtoto mwaka ule kwa sababu ya vita. Bi Nyanzala alifanywa karani wa Baraza Kuu, akalinda vile viapo tisa kama mboni ya jicho, na mara mbili viliwaokoa watu kutoka jela. Kasanda alirudi shambani kwake, akatangaza kwamba Katiba hiyo haitapita getini kwake.

Haikupita. Aliyepita getini alikuwa Tungu, akitoka.

Ilikuwa mwaka wa tatu. Siku ya soko, Kasanda akiwa amesinzia baada ya chakula, Tungu alikiweka kile kiti kivulini, akatembea. Alitembea siku sita hadi Isela. Wale wakaidi walikuwa na tabia moja ngeni: kwao hapakuwa na mtu anayemilikiwa na mtu, na ukiwauliza kwa nini, walishangaa swali. Wakampa kipande cha ardhi kando ya kijito. Akapanda vitunguu. Akajenga chumba kimoja, na mlangoni akaweka komeo kwa ndani. Majirani wanasema wiki ya kwanza alikuwa akilifunga na kulifungua mchana kutwa, bila sababu.

Alikuwa amefika na mimba. Baba wa mtoto hakumtaja, na watu wa Isela kwa adabu yao hawakumuuliza. Akazaa binti, akamwita Kalunde.

Na Kasanda? Kasanda, adui wa vichwa sabini, mtetezi wa bonde na wenye bonde? Aliketi akaandika barua. "Kwa Baraza Kuu tukufu, mlinzi wa haki zetu. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba kukumbusha kifungu cha kumi na saba."

Karani Nyanzala ndiye aliyeisoma barua hiyo mbele ya Baraza.

Mhoja akasimama. "Kifungu hicho nilikiandika mimi. Nilimaanisha askari."

Mjumbe mmoja akamuuliza, "Umeandika askari?"

"Sikuandika."

"Umeandika nini?"

"Mtoro."

"Je, amekimbia, au hakukimbia?"

Bi Nyanzala akasema kwa sauti ndogo kwamba palikuwa na kiapo cha kumi. Wakamwambia alete. Akafungua nyongeza, akahesabu hadi tisa, akafunga.

Wakampa Mhoja amri. Angeweza kukataa. Alifikiri asubuhi nzima, hilo nakubali. Kisha akasema, "Nikichagua ni sheria ipi niitii na ipi niiache, mimi nina tofauti gani na wale walioona moshi wakaondoka?" Akachukua askari arobaini, akaenda Isela.

Hapo ndipo mngecheka, kama mna moyo wa kucheka. Watu wa Isela wakajipanga njiani wakipiga kelele, "Bonde ni la wenye bonde!" Na nyuma ya askari, amebebwa kwenye machela, alikuwepo Kasanda, akijibu kwa sauti ile ile iliyojaza banda: "Nchi ni moja! Sheria ni moja! Nani nyinyi hata mkatae amri ya Baraza Kuu?"

Walimkuta Tungu kwenye matuta ya vitunguu, adhuhuri, mtoto wa miezi minane yuko mgongoni.

"Jemadari," akasema Tungu, "nilikuwepo bandani uliposema maana ya neno lile. Ulisema ni wanaokimbia vita. Mimi nilikimbia vita gani?"

Mhoja akasema, "Maana yake ni ile iliyoandikwa."

"Na wewe ndiye uliyeiandika."

"Ndiyo."

Askari mmoja akauliza kuhusu mtoto. Kasanda akasema aletwe, mtoto wa mtu wa nyumbani ni wa nyumbani. Mhoja akatoa karatasi, akakisoma kifungu chote kwa makini, kisha akatikisa kichwa. Mtoto huyu amezaliwa Isela. Hajatoroka popote. Kwa hiyo kifungu hakimhusu. Na Mhoja, mtu mwadilifu, mtu asiyepindisha sheria hata nywele moja, akamfungua mtoto mgongoni mwa mama yake kwa mkono wake mmoja, akamkabidhi jirani.

Tungu alipiga ukelele mmoja tu. Watu wa Isela wanasema hawakujua kwamba sauti ya namna ile inaweza kutoka kwa mtu. Kisha wakamtembeza siku sita za njiani. Gauni lake lilikuwa limelowa maziwa kifuani, likikauka na kulowa, na askari arobaini wenye silaha wakawa wanatazama kando.

Kasanda hakumpiga. Alitaka kila mtu ajue hilo. Alimrudisha tu kwenye kibanda kilichofungwa kwa nje.

Miezi kumi na minane ikapita. Isela wakatangaza kwamba wanajitoa katika nchi. Bonde jingine likasema, wakitoka nasi tunatoka. Vijana wakaanza kunoa mapanga. Baraza Kuu likaingiwa na hofu, na kwa hofu likafanya lile ambalo halikulifanya kwa haki: likaamuru Tungu aachwe huru. Kisha, ili Isela watulie, likasema lazima apatikane wa kulaumiwa, na kesi ikapelekwa Mhalala, kwa sababu Kasanda, Mhoja na Mwalimu, wote watatu walikuwa watu wa huko.

Sheria ya Mhalala kwa dhuluma ilikuwa fupi: dhuluma moja, mkosaji mmoja. Huyo mmoja hatasema tena katika kikao chochote mpaka afe, na shamba lake linakuwa la aliyedhulumiwa. Si wawili, si watatu. Mmoja. Walioitunga walijua watu: ukiruhusu lawama igawanywe, kila mtu atakwenda nyumbani na kipande kidogo ambacho hakimlemei.

Wajumbe mia moja wakarudi bandani. Jirani wa Isela akaja na Kalunde, sasa anatembea na kusema. Tungu akapiga magoti, akafungua mikono. Mtoto akamtazama, kisha akajificha nyuma ya jirani, akamshika kanga, akasema, "Mama, nani huyu?"

Baada ya hapo ndipo walipoanza kujitetea. Walikuwa na ujasiri huo.

Kasanda akasema, "Mkono wangu uliinuka siku ya kura? Haukuinuka. Niliwaambia neno lile ni mlango ulioachwa wazi. Niliwaambia watakuja na silaha, watamkamata mtu mchana kweupe. Mkanishangilia, kisha mkaniburuta ndani ya nyumba niliyoikataa. Sasa mnaniuliza kwa nini nimetumia mlango wake? Sheria ilinibana mimi ambaye sikuitaka. Isinifae mara moja? Mlaumuni aliyeiandika. Mlaumuni aliyefuta kiapo ili apate kura. Kati yetu sisi watatu, mimi peke yangu ndiye niliyesema hapana."

Mhoja akasema, "Niliandika neno kwa nia njema. Neno hilo hilo na Katiba hiyo hiyo vimewafanya mlale bila hofu. Nani hapa amezika mtu vitani tangu siku ile? Amri ilipokuja, nilitii. Kama askari angechagua amri, mngerudi kule kule kwa watu wanaoimba wakija na kunyamaza wakiondoka. Sikumtorosha mtu, sikumdai mtu, sikufuta kitu. Kasanda ndiye aliyeomba. Mwalimu ndiye aliyefuta. Mimi nilikuwa mkono tu, tena mmoja."

Bi Nyanzala alisema akiwa amesimama mbali na kalamu zote. "Mimi nilikuwa wa kwanza kuuliza, mtoro wa nini? Mimi pekee ndiye niliyeandika maneno ambayo yangemwokoa. Na mimi ndiye niliyeyafuta. Nilipima: viapo tisa na nchi salama, au viapo kumi na hakuna nchi. Kwa viapo hivyo tisa watu wametoka jela, nawafahamu kwa majina. Ningekataa, Kasanda angeshinda, wavamizi wangerudi, na Tungu bado angekuwa kwenye kibanda kile kile, labda amekufa. Mwenzangu aliandika bila kujua. Mwingine alidai kama alivyozoea. Mimi nilijua. Sijui kama kujua kunanipunguzia au kunaniongezea."

Wajumbe wakaanza kulumbana. Wenye watu wa nyumbani wakataka Mhoja afungwe mdomo, maana jemadari ni hatari. Waliopigana vita wakamtaka Kasanda. Wale waliofundishwa wakashindwa kusoma walimtaka Bi Nyanzala, tena kwa furaha. Kumi na wawili fulani walisubiri kwanza waone upepo unaelekea wapi.

Mwisho mtu akapata wazo, naye akajiona ana hekima: "Tumuulize Tungu mwenyewe. Yeye ndiye aliyedhulumiwa. Amchague mmoja."

Tungu akasimama. Akawatazama mmoja mmoja, watu mia moja, na ilichukua muda.

"Siku zile kumi na moja nilikuwa humu ndani," akasema. "Mlijadili kila mtu. Mlijadili hata mbuzi wanaovuka mpaka. Hakuna aliyeniuliza neno. Leo kwa mara ya kwanza mnanipa kura, na mnanipa ili mimi niubebe uamuzi, nyinyi mwende mkale. Sichagui. Shamba nalitaka, ni haki yangu. La nani, amueni wenyewe, mchana, kwa kunyoosha mikono, ili nami niwaone."

Akaenda kukaa chini karibu na mtoto wake, si karibu sana, umbali ambao mtoto aliuruhusu.

Wajumbe walikaa siku tisa. Siku ya kumi wakatoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, kila mtu akisema anahitaji muda. Hukumu haikutolewa, shamba halikutolewa.

Basi imewafikia nyinyi. Msiniambie wote watatu. Sheria ilitaka mmoja. Msiniambie zilikuwa ni nyakati. Nyakati hazikushika kalamu. Wala msiniambie mnahitaji muda.

Aliyekataa nguvu za Baraza Kuu mbele ya watu wote, kisha akawa wa kwanza kuzitumia? Aliyeziomba kwa ajili ya wote, akaacha neno moja wazi, akalitii hata lilipogeuka? Au aliyeona hatari kabla ya wote, akaandika dawa yake, akaifuta kwa mkono wake mwenyewe, na akamdanganya aliyemuuliza?

Nyoosheni mikono niwaone. Je, nani alistahili kunyamazishwa, na shamba la nani ni la Tungu?